Mtu Mmoja wa Kunitembelea

Mwaka wa pili wa korona nilikuwa nikiishi peke yangu Guildford, magharibi mwa Sydney, ghorofa ya kati ya jengo la matofali mekundu. Nilikuwa na sebule na vyumba viwili: kimoja cha kulala, kingine cha kazi. Kwa miezi kadhaa safari yangu ya kwenda ofisini ilikuwa kufungua mlango mmoja na kuingia mwingine.

Kazi yangu ilikuwa uchechemuzi wa sera. Shirika letu lilikuwa dogo. Tuliwashawishi wabunge wa Australia wasipunguze msaada wa afya ya uzazi unaokwenda nchi maskini: sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango, mafunzo ya wakunga, dawa za kumzuia mzazi asivuje damu mpaka afe. Kabla ya kuhamia huku nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi Tanga, kwa hiyo niliyoyasema kwenye mikutano sikuyasoma kitabuni. Niliipenda kazi ile. Lakini mwaka huo ilinichosha kwa namna ambayo sikuizoea. Tangu asubuhi nilikaa mbele ya kompyuta nikieleza jinsi wanawake wa mbali wanavyonyimwa uamuzi juu ya maisha yao, kisha nikifunga kompyuta naangalia dirishani na kukumbuka kwamba saa moja ya kutembea nje tuliyoruhusiwa kwa siku nimeshaitumia.

Wenzangu wa ofisini walikaa upande wa bahari. Nao walifungiwa, ila sheria zao zilikuwa na nafasi ya kupumua. Mkuu wangu aliwahi kuingia mkutanoni nywele zikiwa bado zimelowa, akatuomba radhi kwamba ametoka kuogelea. Kwetu magharibi usiku haturuhusiwi kutoka, mchana helikopta inapita juu ya mapaa ikitangaza kwa kipaza sauti, na wanajeshi wanafuatana na polisi kugonga milango ya waliotakiwa kujitenga. Sikuwahi kumwambia mkuu wangu kwamba helikopta ile ikipita mimi huzima maikrofoni. Alidhani mtandao wangu mbovu.

Chini yangu aliishi mama mmoja Mkongo kutoka Uvira, pamoja na mumewe na watoto wao wanne. Yeye alihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, mumewe alipakua mizigo kwenye maghala ya kule karibu na bandari ya Port Botany. Tulikuwa tunasalimiana kwenye ngazi, basi. Kiswahili chake na changu vilikuwa ndugu wasioishi nyumba moja, lakini tulielewana. Watoto wake nikiwasemesha wananijibu kwa Kiingereza.

Siku moja nilimkuta nyuma ya jengo, kwenye kamba za kuanikia, ameshika shati la mtoto wala halianiki. Akaniuliza, "Dada, ulishamchagua mtu wako?"

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mtu anayeishi peke yake anaweza kuchagua mtu mmoja wa kumtembelea. Mmoja tu, na ukishamchagua humbadilishi.

"Bado," nikamwambia. "Marafiki zangu wote wako mbali, hawaruhusiwi kufika huku."

"Basi unichague miye."

Nilitaka kucheka, nikaona yeye hacheki. Nikamwambia sawa, nimekuchagua.

Alikuja jioni ile ile. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, barakoa usoni, akatazama sebule yangu yote kama mtu aliyeingia msikitini mara ya kwanza.

"Kwako kunanyamaza," akasema.

Nikamletea chai. Akaishika bila kuinywa. Ndipo akaniambia kwamba kila baada ya miezi mitatu alikuwa akidungwa sindano ya uzazi wa mpango kwenye kliniki moja si mbali na kwetu. Tulipofungiwa, kliniki ikaacha kupokea watu wanaojiendea tu, ikawa lazima upige simu kwanza. Simu yenyewe inaanza na mashine inayoongea Kiingereza cha haraka, inakwambia bonyeza hiki, bonyeza kile. Alijaribu mara kadhaa, akaacha. Nyumbani kwake hapakuwa na pembe ya kupigia simu ya namna hiyo. Watoto walikuwa wanasoma mezani, mumewe akitoka zamu ya usiku analala chumbani. Tarehe ya sindano ikapita.

"Sasa niko na mimba," akasema. "Na siitaki, dada. Siitaki."

Alisema kwa sauti ya chini kabisa, ingawa tulikuwa wawili tu na mlango umefungwa.

Nilimuuliza maswali niliyofundishwa kuuliza. Kuna mtu anamlazimisha? Hapana. Amefikiri vya kutosha? Akanitazama kama vile nimemuuliza kama anajua jina lake. Mtoto wa mwisho alimzalia kambini, walipokuwa wakimbizi, akavuja damu mpaka wanawake wenzake wakaanza kumwimbia nyimbo za kuaga. Aliyasikia yote, alisema, alikuwa amelala pale anasikia wanamuaga. Tangu siku hiyo aliapa kwamba watoto aliopewa wanatosha.

"Mzee anajua?" Nilimaanisha mumewe.

"Hawezi kujua. Ni shemasi kanisani. Itakuwaje?"

Jaribio lake la mwisho la kupiga simu ndilo lililomleta kwangu. Alikuwa ameenda kujifungia bafuni na kufungulia maji ili asisikike. Safari hii alifika mpaka kwa mtu, na akapewa mkalimani wa Kiswahili kwenye laini.

"Mkalimani akasema, karibu mama, sema bila woga. Nikajua sauti. Ni mama wa kwaya yetu! Tunasimama bega kwa bega pale kanisani."

"Ukafanyaje?"

"Nikasema niko naumwa jino. Nikakata."

Sote wawili tulicheka, kisha yeye akaacha kucheka ghafla. Nikamwambia wakalimani wanaapa kutunza siri, mama yule asingethubutu kusema.

"Najua ameapa. Lakini nikisimama karibu naye Jumapili, yeye atajua, na miye nitajua kwamba anajua." Akaweka kikombe chini. "Nikuulize, dada. Kazi yako hii unafanyaga nini haswa?"

"Uchechemuzi."

"Unachechemea?"

Nikamweleza kwamba ni kuwasemea watu kwa wakubwa, ili wakubwa wabadilishe mambo.

"Basi nisemee na miye," akasema.

Kesho yake tulipiga simu kutoka chumba changu cha kazi, simu iko mezani, sote tumeiinamia. Sheria ya hapa ilimruhusu, hilo nililijua. Sikulijua ni jinsi ilivyo tabu kusafiri kutoka kwenye sheria mpaka kwa daktari. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Alieleza kwamba mimba ikiwa changa kuna vidonge, vinaweza hata kutumwa kwa posta, lakini kwanza lazima ipigwe picha ya kipimo ijulikane ina umri gani. Nilitafsiri kila neno. Alipomuuliza kama yuko salama nyumbani, jirani yangu alijibu mwenyewe, "Yes, safe. Only full." Ni salama, ila nyumba imejaa.

Juma hilo hilo mkuu wangu alinipigia akiwa na furaha. Kamati ya Bunge ilikuwa imekubali kutusikiliza kwa njia ya video kuhusu msaada wa nje katika kipindi cha korona, na alitaka mimi ndiye nizungumze.

"Tunahitaji kisa," akasema. "Mwanamke mmoja, ili waone uso. Mwanamke wa kwenu aliyekosa huduma kwa sababu ya korona. Una mtu wa namna hiyo?"

Chini ya sakafu yangu watoto walikuwa wakigombana juu ya chaja.

"Wa kwetu wapi?" nikauliza.

"Afrika," akasema, kwa wema kabisa. "Wa Tanga, kwa mfano."

Nikasema nitatafuta. Nilipokata simu nilibaki nimekaa. Kisa nilikuwa nacho, tena kilikuwa kinakunywa chai yangu kila jioni. Lakini hakikuwa changu, na hata kingekuwa changu kisingefaa, kwa sababu kilikuwa kimetokea Guildford. Kamati ilitaka kusikia kwamba mambo haya hutokea ng'ambo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeajiriwa kuwa ng'ambo yao.

Mahali pa kupigia picha ile ya mimba palipopatikana palikuwa nje ya eneo tuliloruhusiwa. Kwa matibabu unaweza kuvuka, lakini polisi akikusimamisha anaweza kutaka umweleze unakwenda wapi, na jirani yangu hilo ndilo lililomtetemesha kuliko kipimo chenyewe. Mumewe alikuwa ameondoka na gari lao. Nikamwambia nitampeleka mimi, nikishikwa nishikwe. Alikaa kiti cha nyuma, vioo vyote vinne viko wazi, baridi ya Agosti inatupiga. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kufanya usafi kwangu.

Tulisimamishwa kabla hata hatujafika barabara kubwa. Polisi alikuwa kijana, macho yake yanaonekana kuchoka juu ya barakoa. Akauliza tunaishi pamoja? Hapana. Tunakwenda wapi? Hospitali, nikasema, huyu ana miadi, mimi ni msaidizi wake. Miadi ya nini?

Kwenye kioo nilimwona jirani yangu amefunga macho. Machozi yalikuwa yanaingia ndani ya barakoa. Nilikuwa nimewahi kuandika kurasa nyingi juu ya faragha ya mgonjwa, nikazitetea mbele ya watu wenye suti, na sasa hakuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa kwa ajili ya barabara hii. Niliona njia mbili. Nikimwambia polisi, jirani yangu atalisikia neno lile likisemwa barabarani na mwanaume mwenye bastola. Nisipomwambia, huenda tukarudishwa.

"Ni mambo ya kike," nikasema kwa Kiingereza. "Naomba usiniulize zaidi."

Kijana yule akaona haya, masikio yakawa mekundu. Akatazama kiti cha nyuma, akatazama pembeni. "Endesheni salama," akasema.

Jirani yangu hakufungua macho mpaka tulipofika. Mlangoni walituambia msaidizi haingii, nami nikamsubiri garini. Alipotoka alikuwa amekunja midomo. Mimba ilikuwa imepita umri wa vidonge. Ingebidi aende kliniki nyingine, ashughulikiwe na daktari kwa upasuaji mdogo, arudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Nilimpatia nafasi ya Jumanne iliyofuata. Jumamosi mumewe alirudi kutoka ghalani na homa, na Jumapili majibu yakaja: ana korona. Familia nzima ikaamriwa isitoke mlangoni.

Sijui kama nimewahi kujisikia nimebanwa kama siku zile. Yeye alikuwa chini ya miguu yangu. Nilisikia akikohoa, nikasikia akiwakemea watoto, nikasikia kiti kikiburutwa. Mume alitengwa chumbani, mama na watoto wote wakahamia sebuleni. Niliwapikia supu, nikaiweka mlangoni kwao, nikagonga na kupanda ngazi mbio kama mwizi. Kliniki nilipiga simu kila asubuhi. Walikuwa na huruma, ila hawakuwa na tarehe. Mwenye korona nyumbani hawezi kupokelewa. Na mimba ilikuwa inakua, haikupewa amri ya kusubiri.

Kwa simu hatukuweza kuongea wazi, watoto walikuwa wamemzunguka. Tukakubaliana mimba iitwe cherehani.

"Dada, fundi wa cherehani amesema nini?"

"Anasema mkitoka tu atakuja kuitazama."

"Mwambie haraka. Inaendelea kuharibika."

Siku ya kamati ilifika ikiwa hali ndiyo hiyo. Nilivaa blauzi nzuri na suruali ya kulalia, nikakaa mbele ya kamera. Wabunge walikuwa kwenye vijisanduku vyao, mmoja anakula kitu. Nilisoma maelezo yangu. Kisa nilichokitoa kilikuwa cha wodi ya Tanga, cha zamani, kisichomgusa mtu. Kisha mbunge mmoja, mama wa makamo, aliuliza kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi zao wala zangu: dawa zikifika huko, ni nini hasa kinachowazuia wanawake kuzipata?

Chini, kikohozi kilianza, kile kirefu cha mumewe. Nilisubiri kiishe.

"Kila mtu anayekutana naye njiani ana haki ya kumuuliza anakwenda wapi," nikasema. "Mume, jirani, mtu wa mapokezi, mkalimani, askari. Kila mmoja anamuuliza kwa adabu tu. Mpaka afike kwa daktari ameshajieleza kwa kijiji kizima. Wengi wanaishia njiani."

Yule mama akaandika. Mwenyekiti akasema ahsante, muda umekwisha. Sanduku langu likafungwa, nikajiona kwenye skrini nyeusi nimekaa na blauzi yangu.

Siku mbili baadaye simu ikalia. Haikuwa namba ya jirani yangu. Ilikuwa ya mumewe.

"Shemeji," akasema, sauti imekauka kwa kikohozi. "Nakuomba uniambie kweli. Cherehani gani? Nyumba hii haina cherehani."

Nikasema, "Shemeji, muulize mwenyewe."

"Niko nyuma ya mlango hapa, kila siku namsikia. Cherehani imeharibika, cherehani fundi hataki. Usiku analia chini chini. Shemeji, ni kansa?"

Hilo sikulitegemea. Tangu mwanzo nilikuwa nimemweka mwanaume yule upande wa polisi na helikopta, moja ya vitu vya kuzungukwa. Kumbe naye alikuwa amejilaza peke yake ndani ya chumba, anahesabu jinsi atakavyowalea watoto wanne bila mama yao.

"Si kansa," nikamwambia. "Hilo naweza kukuambia. Mengine ni yake. Muulize kwa upole, umsikilize mpaka amalize."

Sikusikia walichoongea. Nilisikia tu televisheni ikiongezwa sauti ili watoto watulie; jirani yangu alikuwa amekaa kwa muda mrefu sakafuni, kwenye korido, upande wake wa mlango. Alikuja kunisimulia baadaye. Alimwambia yote: sindano, bafuni, mama wa kwaya, polisi. Alipomaliza, alidhani mumewe amekasirika. Kisha mume akasema kutoka ndani, "Ile siku ya kambini miye nilikuwa nje ya hema. Nilisikia wanakuimbia. Siwezi kusimama nje tena nisikie hivyo." Akasema kama shemasi hakuwa na neno la kumpa. Kama mume wake, atampeleka yeye mwenyewe.

Waliporuhusiwa kutoka, kliniki ikawapa nafasi ya karibu. Walinipita kwenye ngazi asubuhi wamevaa nguo za kanisani, na sikuuliza kwa nini. Mumewe alinisalimia kwa kuinamisha kichwa. Hakuruhusiwa kuingia ndani, akamsubiri garini kama nilivyomsubiri mimi, mpaka alipotolewa alasiri akiwa amechoka lakini anatembea. Watoto walikuwa kwangu, kinyume cha sheria zote, wanakula maandazi na kunionyesha jinsi ya kuweka picha ya bahari nyuma yangu kwenye mikutano.

Kuhusu kamati, ripoti yake ilitoka miezi mingi baadaye. Walipendekeza msaada wa uzazi wa mpango usiguswe, na kwa mwaka huo haukuguswa. Mkuu wangu alilia kwa furaha. Nami nilifurahi, ni kweli. Lakini ofisi ilipofunguliwa na tukaruhusiwa kurudi, nilishindwa. Nilifika kwenye lifti, nikaona watu wamo ndani, nikageuka na kurudi nyumbani. Mpaka leo siku nyingi nafanyia kazi chumba kile kile, na mlango naufunga ingawa naishi peke yangu.

Wao walihamia Rooty Hill, kwenye nyumba yenye ua. Majira ya baridi yaliyopita nilikwenda kuwatembelea. Nilimkuta jikoni anasonga fufu, binti yake mkubwa akiwa mezani na simu. Nilimwambia kwamba nataka kuandika habari za mwaka ule, na kwamba bila ruhusa yake siandiki.

Alimtuma binti dukani kwanza. Kisha akasema, "Andika. Lakini hakuna jina. La miye, la mzee, la mtu yeyote."

"Hakuna jina."

"Na usiandike kwamba nililia mbele ya polisi. Sikulia."

"Ulilia, nilikuona kwenye kioo."

Akageuza mwiko, akafikiri.

"Basi andika nililia," akasema. "Lakini sema vioo vilikuwa wazi na ilikuwa baridi sana."